Yesu wa historia, Kristo wa kanisani, Isa wa Qurani: maswali tunayoulizwa kila mara barazani, Dodoma

Baraza lenu si mihadhara ile ile ya uwanjani?

Hapana. Mihadhara ya mlingano wa dini tunaijua tangu miaka ya 1980: meza mbili, kipaza sauti kinachopiga mluzi, Biblia upande huu, msahafu upande ule, na umati unaosubiri mtu abanwe ili upige takbiri au haleluya. Wapo wanaoipenda. Sisi tunakaa mkekani Jumapili jioni baada ya Alasiri, Majengo, nyuma ya duka la mwenzetu, birika la kahawa likiwa katikati. Hakuna kipaza sauti na hakuna mshindi. Waliozoea kuja ni katekista mmoja, ustadhi wa madrasa, wanafunzi wa vyuo vikuu vya UDOM na St John's, dada mmoja Msabato asiyechoka kusoma, na mzee mstaafu wa reli ambaye dini zote mbili anazihesabu za kuja.

Tunashughulikia maswali mawili, na tunajitahidi yasichanganyike. La kwanza: ni nini kilitokea Galilaya na Yerusalemu miaka takriban 2000 iliyopita? Hilo ni la mwanahistoria, na analifanyia kazi kwa maandishi ya kale na mawe yaliyofukuliwa. La pili: mtu huyu ni nani mbele za Mungu? Hilo ni la imani. Kelele nyingi huanza pale mtu anapoulizwa la kwanza akajibu la pili, au anapodhani akishinda la kwanza atakuwa amelimaliza na la pili.

Nje ya Biblia na Qurani, kuna ushahidi wowote kwamba aliishi?

Upo. Si mwingi, wala haikupasa uwe mwingi. Tunamzungumzia fundi wa kijijini, mtu wa Nazareti, katika pembe ya dola ambayo wakubwa wa Roma walikuwa hawaifikirii mara kwa mara. Hakuna aliyekuwa akimwandikia mtu wa namna hiyo kumbukumbu akiwa hai.

Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, aliandika mnamo mwaka 116. Akieleza moto ulioteketeza Roma mwaka 64 anasema Nero aliwasingizia Wakristo, kisha anafafanua kwamba jina lao limetokana na Kristo, aliyeuawa katika utawala wa Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Tacitus hakuwapenda kabisa watu hawa. Imani yao aliiita ushirikina wenye madhara. Ndiyo maana ushahidi wake una uzito: hakuwa na sababu ya kuwapamba.

Yosefo, Myahudi aliyeandika mnamo mwaka 93, anamtaja mara mbili. Mahali pamoja anasimulia kuuawa kwa Yakobo mwaka 62 na kumtambulisha kama ndugu yake Yesu “aitwaye Kristo”. Mahali pengine pana maneno ya kumsifu Yesu kupita kiasi, na wataalamu karibu wote wanakubali kwamba mnakili Mkristo aliongeza yake humo. Wanachobishania ni kiasi alichoongeza. Mkristo akija kwetu na aya hiyo nzima mkononi kama ilivyo, atapata taabu. Kuna pia barua ya Plinio, gavana, kwa Kaisari Trajano mnamo mwaka 112, inayoeleza Wakristo wakiamka alfajiri kumwimbia Kristo kama mungu. Na mwaka 1961 huko Kaisaria lilifukuliwa jiwe lenye jina la Pilato, kwa hiyo hata yule gavana tunajua si wa hadithini.

Lakini ushahidi wa mapema zaidi umo ndani ya Agano Jipya lenyewe, katika barua za Paulo, ambazo nyingi ni za miaka ya 50. Wagalatia 1:18-19 anasema alikwenda Yerusalemu akamwona Kefa, yaani Petro, na Yakobo ndugu wa Bwana. Ni vigumu kukutana na ndugu wa mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Wanaodai Yesu ni wa kubuniwa wapo, wana sauti kubwa, lakini katika vyuo vikuu ni wachache sana. Bart Ehrman, mtaalamu wa Marekani ambaye mwenyewe si muumini, anawapinga waziwazi.

Basi wanahistoria wanakubaliana juu ya nini?

Kwamba alikuwa Myahudi wa Galilaya aliyezungumza Kiaramu. Alibatizwa na Yohana. Alikusanya wanafunzi, akahubiri ufalme wa Mungu, akajulikana kama mponyaji na mtoa pepo. Alizusha jambo Hekaluni Yerusalemu. Alisulubiwa chini ya Pilato, aliyetawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36. Wengi husema ilikuwa mwaka 30 au 33. Na muda mfupi baadaye wafuasi wake walikuwa wakisema wamemwona hai.

Namna wanavyofika huko inavutia kuliko orodha yenyewe. Chukua ubatizo. Jioni moja tulishika simu nne, kila mmoja kafungua Injili yake, tukasoma kwa zamu. Marko anasema tu kwamba Yesu alibatizwa na Yohana, hana wasiwasi. Mathayo 3:14 Yohana anakataa kwanza: mimi ndiye nihitajiye kubatizwa na wewe. Luka anasimulia kwanza Yohana kutiwa gerezani, halafu ndipo anataja ubatizo bila kusema nani alibatiza. Injili ya Yohana haisimulii tendo lenyewe kabisa. Yule dada Msabato akaweka simu chini akasema, “Hawa wote baada ya Marko habari hii inawasumbua.” Ndivyo hasa. Ubatizo wa Yohana ulikuwa wa toba, na anayebatiza huonekana mkubwa kuliko anayebatizwa. Habari inayowatia wasimulizi mashakani namna hiyo haielekei kuwa waliitunga wenyewe. Kipimo hiki kina wapinzani wake na hakitoshi peke yake, lakini hapa kinafanya kazi vizuri.

Ukitoka nje ya orodha hiyo, makubaliano yanavunjika. Alijiona nani? Nabii wa siku za mwisho, mwalimu wa hekima, mpinzani wa Roma? Albert Schweitzer alionyesha mwaka 1906 kwamba wasomi wa Ulaya waliomtafuta Yesu wa historia kwa zaidi ya karne moja walikuwa wakimchora kila mmoja anayefanana na yeye mwenyewe. Kisha mwaka 1913 akaenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa, jambo ambalo wasomi wachache hulifanya wakimaliza kitabu.

Na miujiza?

Mwanahistoria anaweza kusema kwamba watu wa wakati ule, rafiki na adui, waliamini anatenda mambo ya ajabu. Hatua ya pili, kuthibitisha kwamba kweli zilikuwa kazi za Mungu, hana vifaa vyake.

Alizaliwa lini? Desemba 25 imetoka wapi?

Mathayo anasema alizaliwa siku za mfalme Herode, na Herode alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo, kwa hiyo hesabu yetu ya miaka imepitiliza kidogo. Aliyeipiga ni mtawa Dionysius, mwaka 525. Luka naye anaitaja sensa ya Kirenio, gavana wa Kirumi, ambayo kwa kumbukumbu za Kirumi ni ya mwaka 6 baada ya Kristo, yaani takriban miaka kumi baadaye. Majaribio ya kupatanisha yapo. Wanahistoria wengi hayajawaridhisha. Desemba 25 inaonekana Roma katika karne ya 4, na hakuna Injili inayotaja tarehe. Qurani katika Surat Maryam inamweka Maryam chini ya mtende wakati wa uchungu, na haitaji mwezi wala mwaka.

Alisulubiwa au hakusulubiwa?

Hapa ndipo kahawa hupoa vikombeni.

Kwa mwanahistoria, kusulubiwa ni miongoni mwa mambo yenye uhakika mkubwa kuliko yote katika maisha ya Yesu. Tacitus anataja kuuawa kwake, na msalaba wenyewe unatajwa na Paulo na Injili zote nne. Halikuwa jambo la kujivunia: msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, na Paulo mwenyewe anakiri katika 1 Wakorintho 1:23 kwamba kwa Wayahudi ni kikwazo na kwa wengine ni upuuzi. Adhabu yenyewe tunaijua hadi mfupani. Mwaka 1968 huko Yerusalemu ulipatikana mfupa wa kisigino cha mtu aitwaye Yehohanan, wa karne ya kwanza, msumari wa chuma ungali umepita ndani yake.

Kwa Mwislamu kuna Surat An-Nisaa aya ya 157: hawakumuua wala hawakumsulubu, bali walifananishiwa, na inayofuata inasema Mwenyezi Mungu alimnyanyua kwake. Aya haisemi nani aliwekwa mahali pake, wala kama aliwekwa mtu. Maelezo ya ziada yanatoka kwa wafasiri, na wafasiri hawakuwa na kauli moja. Al-Tabari, aliyefariki mwaka 923, alikusanya masimulizi tofauti: moja linasema wanafunzi wote walifanywa wafanane naye, jingine linasema mwanafunzi mmoja alijitolea. Fakhr al-Din al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliuliza waziwazi: kama sura ya mtu yaweza kutupwa juu ya mwingine, tutaaminije tena macho yetu? Kisha akayapitia majibu. Huyo ni mmoja wa wafasiri wakubwa wa Kiislamu akiuliza ndani ya tafsiri ya Qurani. Kwa hiyo kijana akisema kwa uhakika kwamba “Qurani inasema ni Yuda aliyesulubiwa”, ustadhi wetu ndiye huwa wa kwanza kumwambia asome aya tena.

Je, mwanahistoria amempinga Mwislamu? Inategemea unadai nini. Ukidai kwamba historia nayo inakubali hakusulubiwa, huo si ukweli. Ukisema kwamba watu waliona kusulubiwa, wakaandika walichokiona, na Mungu anajua yaliyokuwa nyuma ya walichokiona, hapo mwanahistoria hana la kukujibu, kwa kuwa umesimama mahali ambapo yeye hafiki. Mkristo naye asichekelee mapema. Tacitus anashuhudia kifo. Kufufuka hakutaji hata kwa kudokeza. Kaburi tupu na mtu aliyefufuka siku ya tatu ni imani kwa mwanahistoria kama ilivyo ile ya kunyanyuliwa.

Nimekaa barazani muda wa kutosha kuona hili: kila upande humpenda mwanahistoria mpaka atakapogeuza shingo. Vijana wa Kiislamu hunukuu Ehrman kuhusu makosa ya wanakili wa Biblia, wakafika anaposema Yesu alisulubiwa pasipo shaka, simu inarudi mfukoni. Wakristo hunukuu wanaakiolojia kuhusu jiwe la Pilato, wakifika kwenye sensa ya Kirenio wanakumbuka mama anawangoja nyumbani. Na hili la kuzaliwa na bikira, ambalo Wakristo na Waislamu wanaliamini pamoja, mwanahistoria hawezi kulithibitishia upande wowote.

Waahmadiyya wanasema alikwenda Kashmir. Ni kweli?

Mirza Ghulam Ahmad wa India, mwanzilishi wa jumuiya yao, aliyefariki mwaka 1908, alifundisha kwamba Isa alitundikwa msalabani ila alishushwa akiwa hai, akasafiri mashariki, akafa mzee na kuzikwa Srinagar, huko Kashmir. Hakuna maandishi ya karne ya kwanza yanayounga mkono safari hiyo. Waislamu walio wengi hawaikubali, wala hawawakubali Waahmadiyya wenyewe. Tusiwadharau hata hivyo: tafsiri yao ya Qurani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1953, na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alikuwa wa kwao.

Hadithi nyingine, ya Yesu kusoma India akiwa kijana, ilianzishwa na Mrusi Nicolas Notovitch mwaka 1894. Waliofuatilia hati aliyodai kuiona katika nyumba ya watawa hawakuikuta, na watawa wakakana. Isiwachukulie muda.

Kwa nini Injili ya Barnaba imefichwa?

Haijafichwa. Ni kitabu kinachosimulia maisha ya Yesu kwa jina la Barnaba, na wapo wanaodai ndiyo Injili ya kweli. Kuna mtu alituletea nakala ya fotokopi iliyobanwa kwa waya wa plastiki, kurasa za mwanzo zimelainika kwa kushikwa, za mwisho mpya kabisa. Tuliisoma kwa miezi.

Nakala ya zamani zaidi tunayoijua ni ya Kiitaliano, iko Vienna, na wataalamu wanaiweka katika karne ya 16 au karibu na hapo. Ipo pia ya Kihispania. Haijapatikana ya Kigiriki, ya Kiaramu wala ya Kilatini ya kale. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1907, ya Kiarabu Cairo mwaka 1908, na hapo ndipo ilipoanza safari yake ya kufika kwetu. Isichanganywe na Waraka wa Barnaba, ambao kweli ni wa kale na hauna uhusiano nayo.

Ndani yake mwandishi anampeleka Yesu Nazareti kwa mashua. Nazareti iko milimani. Ni kama mtu aseme alishuka melini Dodoma. Anasema pia yubile ya Wayahudi, yaani mwaka wa maachilio, huja kila miaka 100. Katika Walawi 25 yubile ni ya mwaka wa 50. Mwaka wa 100 uliwekwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300 kwa ajili ya Kanisa la Roma, na haukudumu, kwani ya pili ilifanywa mwaka 1350. Ni vigumu kudhani mtu wa karne ya kwanza aliotea hilo.

Lakini lililomnyamazisha aliyetuletea kitabu halikuwa mashua wala yubile. Ustadhi alimwomba afungue sura ya 42, kisha ya 97. Yesu wa Barnaba anakana kuwa yeye ndiye Masihi, na anasema Masihi ni Muhammad. Kisha wakafungua Aal Imran aya ya 45, ambapo malaika anamwambia Maryam jina la mwanawe ni Masihi Isa. “Sasa,” ustadhi akamuuliza kwa upole, “unataka nikuache na Barnaba au nikuache na Qurani?” Kitabu hiki kinamgonga Mwislamu kabla hakijamfikia Mkristo, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wameshaacha kukitegemea.

Si ni Mtaguso wa Nisea (mkutano mkuu wa maaskofu) mwaka 325 uliopiga kura kumfanya Yesu kuwa Mungu, na kuchagua vitabu vya Biblia?

Vitabu havikuchaguliwa Nisea. Orodha ya kwanza yenye vile 27 vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, tunaikuta katika barua ya Pasaka ya Athanasi wa Aleksandria, mwaka 367.

Kuhusu lile la Mungu, swali la Nisea lilikuwa jembamba kuliko linavyosimuliwa. Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa kabla ya vyote, na kwamba kulikuwa na wakati hakuwapo. Wapinzani wake wakasema Mwana ni wa asili moja na Baba. Pande zote mbili zilikuwa zinamwabudu Kristo. Walichogombania ni ukubwa wa neno “Mungu” linapotumiwa kwake. Hata miaka 200 kabla, Plinio alikuta Wakristo wakimwimbia kama mungu, na Paulo katika Wafilipi 2:6-11 ana maneno mazito juu yake ambayo huenda hata yeye aliyarithi. Konstantino aliitisha kikao, alikuwa na hamu ya amani katika dola yake, na alibana watu watie sahihi. Hilo ni kweli, wala Wakristo hawana haja ya kulifunika.

Na kikao hakikumaliza ugomvi. Uliendelea hadi Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 381. Ule wa Kalkedoni mwaka 451 ukawagawa Wakristo wa Misri na Ethiopia na wale wa Roma hadi leo. Jirani zetu Mashahidi wa Yehova, wanaofundisha kwamba Yesu ni kiumbe wa kwanza wa Mungu, wako karibu na Ario kuliko na paroko wako. Kwa hiyo “Wakristo wanaamini” ni maneno ya kutumia kwa uangalifu.

Biblia imebadilishwa?

Tofauti za nakala zipo, maelfu, nyingi za tahajia na mpangilio wa maneno. Chache ni kubwa. Marko 16:9-20 haimo katika nakala mbili maarufu za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 8, haimo katika nakala za kale zaidi. Maneno kuhusu watatu washuhudiao mbinguni katika 1 Yohana 5:7 yaliingia kupitia Kilatini. Haya hayakugunduliwa na maadui. Wataalamu wa Biblia ndio wameyaandika, na tafsiri nyingi za sasa zina tanbihi chini ya ukurasa. Soma tanbihi.

Upande wa pili, nakala kamili za karne ya 4 zimeitangulia Hijra, yaani Mtume Muhammad kuhamia Madina mwaka 622, kwa zaidi ya miaka 200. Anayesema Wakristo walibadilisha Injili baada ya Mtume Muhammad anasema jambo linaloweza kupimwa, na likipimwa linaanguka. Anayesema mabadiliko yalitokea mapema kabla ya nakala hizo ana hoja nyingine, ngumu zaidi kuipima. Wanazuoni wa Kiislamu nao waligawanyika: Ibn Hazm wa Andalusia, karne ya 11, alishikilia kwamba maandishi yenyewe yalichezewa, wengine walisema kilichopotoshwa ni maana na tafsiri.

Wayahudi wanasemaje juu yake?

Kwa Uyahudi si Masihi, kwa sababu kazi ambazo Masihi alitarajiwa kufanya hazijaonekana: amani duniani, Israeli kukusanywa. Talmud, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wao, ina sehemu chache zinazotajwa kuwa zinamhusu, za karne nyingi baadaye na zenye ubishi. Kwa upande mwingine, tangu karne ya 20 wasomi wa Kiyahudi, Geza Vermes akiwa maarufu zaidi, wamesaidia sana kumrudisha katika mazingira yake ya Kiyahudi. Jambo hili huwashangaza wageni wetu wa dini zote. Huyu mtu alishika Sabato, akaenda sinagogi, na hakuwahi kuona kanisa wala msikiti.

Alikuwa mweupe au mweusi?

Alikuwa Mgalilaya wa karne ya kwanza, na hakuna aliyeandika sura yake. Yule wa nywele za kahawia aliyeko ukutani kwa bibi yako, yaelekea ametokana na mchoro wa Mmarekani Warner Sallman wa mwaka 1940. Na yule anayekujia kichwani ukifumba macho ni mwigizaji Mwingereza wa sinema ya mwaka 1979, ile iliyozungushwa vijijini na kuonyeshwa usiku kwenye shuka jeupe.

Wazee wetu wa Kigogo walimjua?

Hili ni la yule mzee wa reli, na haliachi. Wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walifika Mpwapwa mwaka 1876, na Dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927. Uislamu ulipita Ugogo na misafara ya kutoka Bagamoyo, ukakita mizizi hasa Kondoa kwa Warangi. Wazee walitoza misafara hongo kwa maji na njia. Dini zikapita bila kutozwa. Mulungu walimjua kabla ya wote hao, na Biblia ya Cigogo inamwita Mulungu hadi leo. Yesu hawakumjua. Mzee anauliza kama hilo litahesabiwa dhidi yao, na majibu ya katekista na ya ustadhi, kwa mara moja, yalikaribiana: Mungu hamhukumu mtu kwa ujumbe ambao haukumfikia.

Kujadili mambo haya si kosa kisheria?

Kujadili si kosa. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa dini. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 129, inafanya kosa kusema kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mpaka wetu uko hapo hapo: uliza lolote, usimkejeli Yesu, Mtume wala mama wa mtu yeyote. Aliyeshindwa hilo huombwa amalizie kahawa yake nje. Na usituulize Dodoma ina Wakristo wangapi na Waislamu wangapi, kwa sababu sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu 1967, na kila anayekupa asilimia anakisia.

Kiongozi wangu wa dini amesema nikija nitapoteza imani.

Anaweza kuwa sahihi. Wapo walioacha kuja kwa sababu maswali yaliwanyima usingizi, na hatukuwafuata nyumbani. Walio wengi wamebaki walivyokuwa, ila wameacha hoja tatu nne walizokuwa wakizitumia zamani. Kama imani yako imesimama juu ya Injili ya Barnaba au juu ya ile aya ndefu ya Yosefo, ni bora uambiwe na watu wanaokujali kuliko uambiwe jukwaani.

Nianzie wapi kusoma?

Soma Marko yote kwa mkao mmoja. Haizidi saa mbili. Usisimame kutafuta mistari ya kujibia mtu. Kisha Aal Imran kuanzia aya ya 33 hadi ya 64, Surat Maryam mwanzo hadi aya ya 40, na mwisho wa Al-Maida kuanzia aya ya 110. Halafu Wagalatia sura ya 1 na 2, ambamo Paulo anasimulia mwenyewe ugomvi wake na Petro. Mwislamu atumie tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy au ya al-Barwani, vyovyote alivyozoea, na Mkristo aombe kuazima. Mkristo naye aazimishe Biblia yenye tanbihi. Barazani tuna nakala mbili za kila moja, zimefunikwa kwa karatasi ya kaki, na anayeazima anaandika jina kwenye daftari la duka.